Seva ya Linux imepotea kwenye Network ya Windows: namna ya kuitafuta

Kila umeme ukikatika mjini ukarudi, simu yangu haikai. Anayepiga leo na aliyepiga wiki iliyopita neno lao ni moja, "fundi, seva imepotea". Nikifika naikuta seva ipo pale pale chini ya ngazi ilipowekwa, taa zinawaka, feni inazunguka, mafaili yote yamo ndani hata moja halijaguswa. Kilichopotea ni jina lake tu kwenye ile orodha inayotoka mtu akifungua Network kwenye Windows. Kuonekana kwenye orodha ni jambo moja na kufikika ni jambo jengine, na tabu nyingi ya kazi hizi inatokana na watu kuyachanganya, mtu anaona jina halipo basi anaanza kuifumua Samba yote (programu ya seva inayogawa mafaili kwa Windows) na kuisimika upya, anaharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Naandika haya kwa vijana wenzangu mnaosimamia mitandao midogo huku Unguja na Pemba, ofisi za watalii, skuli, wahasibu, maduka ya kuchapa pale Darajani, popote penye seva ya Linux au FreeBSD inayogawa mafaili kwa Samba na mashine za Windows zinazoyataka.

Kabla hujagusa kitu

Kaa kwenye mashine inayolalamika, usitumie laptopu yako, kaa kwenye ile ile inayolalamika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika IP ya seva, yaani namba yake ya mtandaoni, hivi:

\\192.168.1.10

Sasa tazama inakujibu nini. Folda zikifunguka, basi seva nzima, Samba nzima, ruhusa nzima, unachotafuta ni tatizo la jina au la orodha tu na usiguse kitu chengine. Ikikuuliza jina na paswedi halafu ikakataa, njia ipo ila akaunti ndo mbovu, shuka mpaka chini nilikoandika habari za paswedi. Ikizunguka weee halafu ikatoa kosa 0x80070035, hapo hata njia ya kufika haipo, na kabla ya kuilaumu Samba fungua PowerShell kwenye hiyo hiyo Windows uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Ping peke yake, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, haitoshi, nshaona seva inajibu ping vizuri kabisa na mlango wa 445, wanaopitia watu wa mafaili, umefungwa na fayawoli, mlinzi wa milango ya mtandao. Ukiona TcpTestSucceeded imeandikwa False nenda kwenye seva, tazama smbd (sehemu ya Samba inayogawa mafaili) kama inakwenda, halafu tazama fayawoli. Kwenye Ubuntu mara nyingi inatosha:

ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Halafu angalia pia mstari wa hosts allow, unaotaja nani anaruhusiwa, ndani ya smb.conf, faili la mipangilio ya Samba. Mtu alibadilisha rauta, mtandao ukatoka 192.168.1 ukawa 192.168.0, na kwenye smb.conf bado kumeandikwa ule wa zamani, Samba inawafukuza watu wote mlangoni na kila mtu anadhani seva imekufa.

IP ikikubali, jaribu jina, \\SEVA. IP inakubali jina linakataa, tatizo ni la majina. Vyote viwili vinakubali lakini kwenye Network haimo, tatizo ni la orodha. Hapo ushajua unatafuta nini, na umetumia dakika tano tu.

Orodha inatoka wapi

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mtu asipoelewa hii atakuwa anabahatisha maisha yake yote.

Huku kwetu kila shehia ina sheha, na sheha ndo anajua nani anakaa nyumba gani. Mgeni akija anatafuta nyumba ya mtu, anapelekwa kwa sheha. Mtandao wa Windows wa zamani ulikuwa hivyo hivyo. Mashine moja inashika daftari la wote waliopo, na hiyo mashine inaitwa local master browser. Wengine wote kila dakika 12 wanapiga ukelele mtandaoni kusema "nipo, naitwa fulani", mwenye daftari anaandika. Mtu akifungua Network, mashine yake inakwenda kuomba nakala ya daftari.

Tofauti ni kuwa sheha huteuliwa, huyu wa mtandao hupigiwa kura, na kura inapigwa tena na tena, mashine mpya ikiwaka, mwenye daftari akizimwa, au mtu akimtafuta mwenye daftari asimpate. Kinachoshindanishwa mwanzo ni namba inayoitwa os level. Windows 95 na 98 zilikuwa na 1, Windows za mezani za ukoo wa NT zina 16, Windows za seva zina 32, na Samba usipoigusa ina 20. Kwa hiyo Samba yako itaishinda Windows ya mezani bila ya kufanya kitu, lakini siku mtu akileta Windows Server ofisini, daftari linahama na wewe hujui.

Halafu kuna suala la muda. Mashine ikizimwa ghafla, mwenye daftari haifuti mpaka aikose mara tatu, yaani dakika 36, na wasaidizi wake wanaoshika nakala wanakuja kuchukua daftari jipya kila dakika 15. Jumlisha, jina la mashine iliyokufa linaweza kukaa kwenye orodha dakika 51. Na kinyume chake pia, mashine iliyo hai inaweza isionekane kwa muda mrefu baada ya wewe kushatengeneza. Kwa hiyo tafadhali sana, ukishabadilisha kitu usibadilishe chengine baada ya dakika mbili kwa sababu "bado haionekani". Tengeneza kimoja, nenda kale urojo, rudi utazame.

Ukelele, kura na majina yanapita kwenye NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina wa mtandao wa Windows, milango ya UDP 137 na 138, na kwenye Samba anayeyashughulikia ni nmbd, siyo smbd. Smbd inagawa mafaili, nmbd inashughulika na majina na daftari. Nmbd ikifa mafaili yanaendelea kufunguka kwa IP kama kawaida, na ndo maana watu hawaigundui.

Masheha wawili

Kuna ofisi moja Mji Mkongwe nilikwenda mara nne kwa tatizo hilo hilo kabla sijalipata. Seva moja ya Debian, na lile boksi la NAS la kuhifadhia picha, nalo ndani yake ni Linux na Samba vile vile, halafu mashine sita za Windows 7. Mama mmoja wa hesabu kila nikifika ananiambia "mwanangu, asubuhi lilikuwepo, nimekwenda kuswali adhuhuri nimerudi halipo, na saa hizi umekuja lipo tena". Namwambia mama hebu nioneshe, anafungua Network, seva ipo. Nikawa naondoka.

Mara ya nne nikakaa. Nikafungua kumbukumbu za nmbd, kwenye Debian zipo /var/log/samba/log.nmbd, nikakuta mistari hii inapishana ukurasa baada ya ukurasa:

Samba name server SEVA is now a local master browser for workgroup OFISI on subnet 192.168.1.10
Samba name server SEVA has stopped being a local master browser for workgroup OFISI on subnet 192.168.1.10

Anakuwa, anaacha, anakuwa, anaacha, mchana kutwa. Nikaandika kwenye seva:

nmblookup -M OFISI

Hii inauliza mtandaoni nani ameshika daftari la kundi la OFISI. Ikajibu 192.168.1.10, yaani seva. Baada ya muda nikauliza tena ikajibu 192.168.1.15, ambayo ni NAS. Nikauliza tena, imerudi seva. Kufungua mipangilio ya vyote viwili, kote kumeandikwa preferred master = yes, aliyeiweka seva aliiweka kwa nia njema na NAS ilikuja nayo. Maana ya ule mstari ni kuwa nmbd ikiwaka inalazimisha kura ipigwe na inajipa nafasi ya mbele kidogo. Ukimpa mmoja ni sawa, ukiwapa wawili kila mmoja anamuangusha mwenzake, na kila daftari likihama linaanza tupu, wale ambao hawajapiga ukelele wao wa dakika 12 hawamo. Yule mama alikuwa anasema kweli kabisa, jina lilikuwa linaondoka na kurudi.

Dawa yake ni kuchagua mmoja tu, na mimi siku zote nachagua ile mashine isiyozimwa. Kwake unaandika:

[global]
workgroup = OFISI
netbios name = SEVA
local master = yes
preferred master = yes
os level = 65

Na kwa kila Samba nyengine, NAS, mashine ya Linux ya mezani, kila kitu:

local master = no
preferred master = no
os level = 0

Pita testparm -s kwanza ikwambie kama umekosea kuandika, halafu systemctl restart nmbd smbd. Kwenye ukoo wa Red Hat zinaitwa nmb na smb, kwenye FreeBSD ni service samba_server restart. Mstari wa domain master uache, kwenye mtandao mmoja mdogo hauna kazi, na kama kuna domeni ya Windows hapo ofisini ndo usiuguse kabisa kwa sababu ile kazi ni ya mashine inayoongoza domeni.

Windows 7 kama bado zipo na mojawapo ni kiherehere, kwenye rejista nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Browser\Parameters, MaintainServerList iandike No, haitagombea tena. Angalia zaidi laptopu. Laptopu ikishika daftari halafu mwenyewe akaifunga akaenda zake nyumbani Mwanakwerekwe, daftari limekwenda naye, na waliobaki wanasubiri mpaka kura nyengine. Na mashine yenye VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, ina kadi za mtandao za bandia, inaweza kushika daftari la mtandao ambao haupo.

Ukitaka kujua kutoka upande wa Windows nani ni nani, nbtstat -A 192.168.1.10 itakutolea majina na namba pembeni. <20> ni kuwa anagawa mafaili, <1D> ndo mwenye daftari, na utaona pia jina la ajabu lenye __MSBROWSE__ kwa huyo huyo mwenye daftari. Nbtstat -R, R kubwa, inafuta majina ya zamani yaliyoganda kwenye hiyo mashine.

Majina yanayogongana

Jina la NetBIOS lina herufi 15 basi. Zikizidi zinakatwa kimya kimya. Nilikuta seva mbili, moja imeitwa seva-ya-uhasibu-1 na nyengine seva-ya-uhasibu-2, majina mazuri, yanaeleweka, lakini hesabu herufi, SEVA-YA-UHASIBU peke yake ni 15 kamili pamoja na vile vistari. Namba zote mbili zimekatwa, zimebaki seva mbili zenye jina moja. Inayowaka mwanzo inachukua jina, ya pili inakataliwa, na umeme ukikatika haijulikani safari hii ipi itatangulia, kwa hiyo mtu leo anafungua \\SEVA-YA-UHASIBU anakuta mafaili ya mwaka huu, kesho anakuta ya mwaka juzi. Hebu fikiria mtu anaandika mishahara kwenye faili la mwaka juzi bila kujua. Kila seva iandikie netbios name yake mwenyewe, fupi, HESABU1 na HESABU2, mambo yakaisha.

Na jina la workgroup, yaani la kundi, lifanane kote, herufi kwa herufi. Windows mpya zinakuja na WORKGROUP. Kama huna sababu ya kubadilisha iache hivyo hivyo na kwenye Samba andika hivyo hivyo, utajipunguzia kazi kila ikija mashine mpya.

Windows mpya hazimjui sheha

Hapa ndo pameparaganyika sana kwa sababu mafundi wengi, na wazuri tu, bado wanahangaika na os level kwenye ofisi ambayo mashine zote ni Windows 11. Haitasaidia. Daftari lile la zamani linachukuliwa kwa SMB1, toleo la kwanza la lugha ya kugawia mafaili baina ya Windows na Samba, na SMB1 ndo mlango uliotumiwa na kirusi WannaCry mwezi wa Mei 2017, mashine nyingi duniani zikafungwa mafaili. Toka Windows 10 toleo la 1709, la Oktoba mwaka huo huo, SMB1 imeanza kuondolewa kwenye mashine inayosimikwa upya. Samba nayo kuanzia 4.11 ya mwaka 2019 imeizima. Hakuna SMB1, hakuna daftari.

Windows mpya inatafuta wenzake kwa njia nyengine inayoitwa WS-Discovery, inatupa swali kwa multikasti (swali moja linalowafikia wengi pamoja) kwenye UDP 3702, na anayejibu anaulizwa zaidi kwenye TCP 5357. Samba yenyewe haijibu swali hili. Kwa hiyo seva yako inaweza kuwa nzima pima, inafunguka kwa IP, inafunguka kwa jina, na kwenye Network haimo wala haitokuwemo hata ungoje mwaka.

Unachotakiwa ni kuweka kijiprogramu kidogo kinaitwa wsdd, kazi yake ni kujibu hilo swali kwa niaba ya Samba:

apt install wsdd
systemctl enable --now wsdd

Kwenye matoleo mapya ya Debian na Ubuntu ukiona imesimikwa lakini huduma haipo, tafuta paketi ya wsdd-server, wameigawa. Na FreeBSD pia inapatikana. Halafu fungua milango:

ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3702 proto udp
ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5357 proto tcp

Nilipoiweka mara ya kwanza kwenye ofisi moja Chake Chake, seva ilitokea kwenye Network za mashine zote hapo hapo, na wale watu walikuwa zaidi ya mwaka wanaandika IP kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Upande wa Windows kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza mtandao uwe umewekwa Private, siyo Public. Windows ikiona rauta mpya inaweza kujiweka Public na hapo inajificha na haitafuti mtu. La pili ni huduma mbili, Function Discovery Provider Host na Function Discovery Resource Publication, zote ziwe zinakwenda, hasa hii ya pili mimi huiweka Automatic kwa mkono wangu.

Na nakuombeni, mtu akikwambia "washa SMB1 tu itaonekana", usimsikilize. Ni kweli inaweza kuonekana. Lakini umefungua mlango ule ule wa WannaCry kwa ajili ya kuona jina kwenye dirisha, wakati wsdd inafanya kazi hiyo hiyo bila ya hatari hiyo.

Kuta za mawe na rauta ya pili

Hili sijaliona likiandikwa pahala lakini Mji Mkongwe nalikuta kila mara. Nyumba zetu zile za mawe na chokaa, ukuta mmoja unene wake ni mkono mzima, waifai haipiti. Mtu ana rauta ghorofa ya chini, ghorofa ya pili hakuna kitu, basi ananunua rauta nyengine, anavuta waya kutoka ile ya kwanza anachomeka kwenye tundu la WAN la hii ya pili, anaiwasha, intaneti inakuja, anafurahi. Na seva haionekani tena ghorofa ya juu.

Kilichotokea ni kuwa ile rauta ya pili imejenga mtandao wake mwenyewe, juu ni 192.168.0 na chini ni 192.168.1, na ukelele wa NetBIOS hauvuki rauta, wala multikasti ya WS-Discovery haivuki. Ni shehia mbili, na sheha wa huku hana daftari la kule. IP ya seva inaweza kufunguka kutoka juu, lakini orodha ndo usahau, na wa chini hawawezi kumfikia wa juu hata kwa IP.

Toa waya kwenye tundu la WAN, uchomeke kwenye tundu la LAN. Lakini kabla ya hapo ingia kwenye hiyo rauta uzime DHCP, ile huduma ya kugawa IP, na uipe IP isiyogongana na ya kwanza, tuseme 192.168.1.2. Sasa imekuwa antena tu, mtandao ni mmoja juu na chini. Ukisahau kuzima DHCP utapata tatizo baya zaidi, rauta mbili zinagawa IP kwenye mtandao mmoja, nusu ya watu wanapata kwa huyu nusu kwa yule, na kila siku ni wengine.

Tazama pia kama waifai ina kile kitu kinaitwa AP isolation, au kama watu wameunganishwa kwenye waifai ya wageni. Hoteli nyingi zinakiwasha kwa usalama, na ni sahihi kwa wageni, lakini mashine za ofisi zikiwa humo haziwezi kuonana.

Kama mitandao miwili ni ya makusudi, jengo hili na lile, imeunganishwa na rauta halisi bila NAT (yaani haifichi mashine nyuma ya IP moja), na bado kuna mashine za NetBIOS, hapo ndo WINS, daftari la majina ya NetBIOS linalovuka rauta, yaani wins support = yes, inapokuja, kwenye seva moja tu, na Samba nyengine zote zinaandikwa wins server = na IP ya hiyo seva. Usiziandike zote mbili kwenye mashine moja. Kwa ofisi yenye Windows mpya tupu mimi siweki WINS, naandika jina la seva kwenye DNS ya rauta, orodha yake ya majina na IP, na kuwawekea watu njia ya mkato kwenye meza, wanabonyeza wanaingia.

Paswedi

Samba ina daftari lake la paswedi mbali na la Linux. Mtu kuwa na akaunti kwenye Linux hakumpi kitu mpaka umfanyie smbpasswd -a na jina lake.

Kuingia bila paswedi, kama mgeni, kulikuwa kunatumika sana huku na sasa kunakufa. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inakataa wageni na inadai saini ya SMB, na mgeni hana saini. Mtu anakwambia jana lilikuwa linafunguka leo halifunguki, muulize kama Windows imefanya apdeti usiku. Mpe kila mtu akaunti yake, ni kazi ya nusu saa kwa ofisi ya watu kumi na hutoirudia.

Ikitoka kosa namba 1219 maana yake hiyo Windows tayari imeingia kwenye seva hiyo kwa jina jengine na haitaki majina mawili kwa wakati mmoja. Andika net use utazame, halafu net use * /delete, lakini mwambie mwenyewe afunge mafaili yake kwanza, usimpotezee kazi. Paswedi za zamani zilizoganda zipo kwenye Credential Manager, zifute humo.

Kopia ya zamani

Imebaki mashine moja ambayo haitaki kusikia, ile kopia kubwa inayoskani moja kwa moja kwenye folda, inajua SMB1 tu. Kila kitu kimekaa sawa, kopia inasema imeshindwa kuunganisha. Mtu anaandika server min protocol = NT1 (NT1 ndo SMB1 yenyewe) kwenye seva kuu, kopia inafanya kazi, na seva nzima ya hesabu imerudi kwenye SMB1 kwa ajili ya skana. Tazama kwanza kama kopia yenyewe inaweza kutuma kwa FTP au kwa imeili, nyingi zinaweza, ipo kwenye ukurasa wa mipangilio yake. Ikishindikana kabisa chukua kompyuta kuukuu au Raspberry Pi, weka Samba yenye NT1 humo peke yake, na hosts allow iwe na IP ya kopia na ya seva kuu basi, halafu seva kuu iende kuchukua skani kutoka huko kila dakika kadhaa.

Umeme ukirudi

Seva ipe IP ya kudumu, isiombe DHCP. Umeme ukirudi vitu vyote vinawaka pamoja, na seva ikiwahi kabla ya rauta inaomba IP haipewi, nmbd inakaa haina pa kusemea, na kura inapigwa bila yake. UPS, ile betri ya akiba mnayoiwekea seva, ichomekeni na swichi pia, na rauta, kwa sababu seva iliyo hai na swichi iliyokufa ni sawa na seva iliyokufa.

Ikisharudi, mwambie mtu mmoja hapo ofisini asubiri kidogo kabla ya kuwasha mashine za watu, rauta na swichi na seva zitulie. Halafu wewe ingia kwa ssh kutoka ulipo, tazama smbd, nmbd na wsdd zote tatu zinakwenda, andika nmblookup -M na jina la kundi lenu. Ikirudisha IP ya seva, mpigie simu mama wa hesabu umuombe afungue Network akusomee majina anayoyaona.